Mafunzo na leseni ya pikipiki: je, kuzunguka koni uwanjani kunatosha?

Dada Mkubwa ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miezi minne sasa.

Mdogo wangu wa kiume alijifunza pikipiki kwa rafiki yake kwa siku chache, kisha akaenda kufanya mtihani wa leseni. Kwa maelezo yake mwenyewe, mtihani haukufika hata dakika 10: aliwasha, akazunguka koni katika uwanja mtupu, akasimama kwenye mstari, akashuka. Hakuna aliyemtaka aonyeshe namna ya kusimama ghafla, wala aliyemuuliza angefanya nini gari likimkatia njia. Wiki ya tatu baada ya kukabidhiwa leseni, gari lililokuwa likija kutoka mbele lilikata kona na kumzibia barabara. Alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote, tairi la nyuma likajifunga na kuteleza, pikipiki ikalala, naye akaburuzika kwenye lami hadi ubavuni mwa gari. Tunashukuru kwamba alikuwa amevaa kofia ngumu na ameifunga. Kichwa chake ni kizima, na mguu uliovunjika unaendelea kuunga. Dereva alisema, na ninaamini alisema kweli, kwamba hakumwona kabisa.

Sasa anakaribia kuruhusiwa kupanda tena, na nyumbani tumegawanyika. Baba anasema pikipiki ni chombo cha hatari kwa asili yake na hakuna darasa litakalobadilisha hilo. Mimi naona kwamba mtu aliyepewa leseni bila kufundishwa kufunga breki ameingizwa barabarani kabla ya wakati wake, lakini sina ushahidi, nina uchungu tu. Kwa wenye ujuzi wa mambo haya: je, mafunzo bora na utaratibu mkali zaidi wa leseni hupunguza ajali kweli? Na kama hupunguza, ni mafunzo ya namna gani?

---

Mkufunzi wa Pikipiki amejibu:

Pole sana dada, na umfikishie mdogo wako pole yangu.

Ajali uliyoieleza si ngeni kwa yeyote anayefundisha pikipiki. Mwaka 1981 ilitoka nchini Marekani ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao walichunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Ripoti hiyo ni ya zamani, na pikipiki zimebadilika tangu wakati huo, lakini kila ninapoirudia ninawaona wanafunzi wangu ndani yake. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa hawajatimiza miezi 5 na pikipiki ile waliyopata nayo ajali. Na hatari ilipotokea, kosa lililojirudia ni lile lile la mdogo wako: walikanyaga mno breki ya nyuma hadi tairi likateleza, wakaitumia kidogo mno breki ya mbele, na kukwepa hawakuweza. Muda wa kufanya lolote kabla ya kugongana kwa kawaida haukufika sekunde 2.

Naomba nieleze kidogo kuhusu breki, kwa sababu ndiyo sehemu inayofundishwa vibaya kuliko zote. Unapofunga breki, uzito wa pikipiki pamoja na wa aliyeipanda husogea mbele. Tairi la mbele hukandamizwa barabarani na kushika zaidi, na la nyuma hubaki jepesi, tayari kuteleza. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Aliyejifunza kwa rafiki mara nyingi ameonywa kwamba akigusa ya mbele atapinduka. Onyo hilo lina ukweli kwa anayeikamata kwa kushtukia, au anayeikamata akiwa amelala kwenye kona, lakini likishageuka kanuni linamnyang'anya mtu breki yake bora kuliko zote. Kinachotakiwa ni kuibana kwa hatua: kidogo kwanza ili uzito uhamie mbele, kisha kwa nguvu inayoongezeka kadiri tairi linavyoshika, ya nyuma ikisaidia kwa kiasi, mpini ukiwa umenyooka na macho yakitazama mbali, si chini kwenye gurudumu. Maelezo haya yanasomwa kwa nusu dakika, ila mkono na mguu huyajua baada ya marudio mengi, maana ndani ya sekunde 2 hakuna anayekaa kufikiri. Mwili hufanya ulichozoea. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita hizo kabla breki haijaguswa.

Kukwepa nako kunafundishika. Pikipiki iliyo katika mwendo hulazwa kwa kusukuma mpini wa upande unaotaka kwenda: sukuma wa kulia, italala kulia. Waendeshaji wengi hufanya hivyo bila kujua kwenye kona za kawaida, lakini wakishtuka hukakamaa na kuishika mipini yote miwili kama mtu aliyeshika ukuta, na pikipiki huenda moja kwa moja kwenye kile wanachokiogopa.

Sasa nije kwenye mtihani. Mwanafunzi hujifunza kile atakachotahiniwa, na shule hufundisha kile kitakachompatia mwanafunzi cheti. Mtihani ukiwa ni koni, zitafundishwa koni. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009, mtahiniwa hutakiwa kusimama kwa dharura na kukwepa kizuizi akiwa katika mwendo wa angalau kilomita 50 kwa saa, ndani ya uwanja maalumu, ndipo apelekwe kwenye sehemu ya pili, ambako mtahini humfuata barabarani na kumtazama anavyojiendesha kati ya magari. Na tangu mwaka 1990, hata anayejifunza hapaswi kwenda barabarani peke yake kabla ya kumaliza mafunzo ya msingi. Koni zina faida yake, zinafundisha mizani katika mwendo wa polepole, na bila mizani hakuna kingine kitakachofundishika. Lakini ajali ya mdogo wako haikutokea katika mwendo ule wa koni, na hakuna mtu aliyekuwa amempima katika mwendo ilikotokea.

---

Msomaji wa Takwimu amejibu:

Kuhusu breki sina la kupinga katika maelezo ya Mkufunzi. Lakini dada ameuliza kama mafunzo hupunguza ajali kweli, na hapo ninaona ni haki kumpa jibu lenye tahadhari zaidi.

Ile asilimia 92 haithibitishi peke yake. Wakati ule waendeshaji wengi ambao hawakupata ajali nao walikuwa wamejifunza kwa ndugu na marafiki, kwa hiyo ni lazima kulinganisha pande mbili kabla ya kuhukumu. Mwaka 2010 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti zilizopima mafunzo ya waendeshaji pikipiki, na hitimisho lao lilikuwa kwamba tafiti nyingi zilikuwa dhaifu kiasi kwamba haikuwezekana kusema ni mafunzo gani yanapunguza ajali. Waliongeza jambo moja la kufikirisha: huenda mafunzo ya lazima kabla ya leseni hupunguza ajali kwa sababu tu baadhi ya watu hukatishwa tamaa na urefu wa safari, wakaacha kupanda pikipiki.

Baadaye, katika jimbo la Victoria nchini Australia, waendeshaji waliokuwa wametoka kupata leseni waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa mkufunzi wa kwenda nalo barabarani na jingine likasubiri. Waliofundishwa hawakupata ajali chache kuliko wenzao. Walichokipata ni kujiamini zaidi, na walikiri wenyewe kukimbia zaidi. Mimi nilipousoma utafiti huo nilisikitika, kwa kuwa nilitamani uoneshe kinyume chake, lakini ni utafiti uliopangwa vizuri na haufai kuwekwa kando kwa sababu haupendezi. Ujuzi wa mikono ukiongezeka kuliko busara, mtu huutumia ujuzi huo kwenda kasi zaidi na kupita magari mahali ambapo zamani angesubiri.

Ninachokiamini zaidi ni leseni ya kupanda ngazi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2013 zimeweka daraja la A1 kwa pikipiki zisizozidi cc 125 na kilowati 11, kisha A2 isiyozidi kilowati 35, kisha A isiyo na kikomo, ambayo mtu huipata baada ya kukaa miaka 2 na A2, au kwa mtihani wa moja kwa moja akiwa na umri mkubwa zaidi. Singapore nayo ina madaraja matatu: hadi cc 200, hadi cc 400, na zaidi ya hapo, na kila ngazi hudai angalau mwaka mmoja. Nyuzilandi walianza utaratibu wa hatua kwa vijana mwaka 1987, na vijana waliolazwa hospitalini kwa ajali za pikipiki wakapungua, ingawa sehemu kubwa ya punguzo hilo yaelekea ilitokana na vijana kupanda pikipiki kwa uchache. Kwa mtunga sera, majeruhi kupungua ni majeruhi kupungua. Kwa kijana anayetegemea pikipiki kujipatia riziki, jibu hilo halitoshi, nami nalitambua hilo.

Jambo la mwisho: ukiweza, atafute pikipiki yenye breki za ABS, zile zinazozuia tairi kujifunga. Umoja wa Ulaya ulizifanya za lazima kwa miundo mipya ya pikipiki zinazozidi cc 125 kuanzia mwaka 2016. Tairi la nyuma lililojifunga ndilo lililomwangusha mdogo wako, na kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili ya kosa hilo hilo.

---

Niko Nyuma ya Usukani amejibu:

Mimi ni dereva wa gari, na nimeona mazungumzo yote yanamwelekea mwendesha pikipiki. Ripoti ile ile ya Hurt ilisema kwamba katika ajali za pikipiki zilizohusisha chombo kingine, takriban theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa chombo hicho kuingilia njia ya pikipiki.

Niliwahi kukaribia sana kufanya kosa hilo. Nilitazama, nikaona barabara iko wazi, nikaanza kukata kona, na pikipiki ikawa tayari iko hapo. Pikipiki ikija kutoka mbele ni kitu chembamba. Jicho linalotafuta magari huipita, na hata likiiona hushindwa kukadiria umbali na kasi yake. Tangu siku hiyo hutazama mara mbili na kusogeza kichwa, kwa sababu nguzo ya kioo cha mbele inaweza kuificha pikipiki nzima. Hakuna aliyenifundisha hilo nilipokuwa natafuta leseni yangu. Tukirekebisha leseni ya pikipiki na kuiacha ya gari ilivyo, tutakuwa tumetengeneza nusu ya daraja.

---

Mkufunzi wa Pikipiki amejibu:

Msomaji wa Takwimu, nakubaliana nawe kuliko unavyotarajia. Utafiti wa Victoria ulinifanya nibadilishe mpangilio wa masomo yangu, na naona aibu kidogo kwamba kwa miaka mingi nilipima mafanikio kwa jinsi mwanafunzi anavyolaza pikipiki vizuri kwenye kona.

Siku hizi macho yanatangulia mikono. Kabla mwanafunzi hajajifunza kukwepa, tunakaa pembeni ya makutano yenye magari mengi, pikipiki ikiwa imezimwa, na ananieleza kwa sauti anachokiona: gari lipi litatoka, nani hajamwona nani, lori lile linaficha nini nyuma yake. Nchini Uingereza jambo hili limeingizwa kwenye mtihani wa nadharia tangu mwaka 2002, ambapo mtahiniwa hutazama video na kubonyeza pale hatari inapoanza kujitokeza, na hilo linawahusu wa pikipiki na wa magari pia. Namfundisha atazame gurudumu la mbele la gari linalosubiri kukata kona, kwa kuwa gurudumu likianza kuzunguka halidanganyi, wakati dereva anaweza kukutumbulia macho na asikuone. Namfundisha apunguze mwendo na kuweka vidole juu ya breki ya mbele kabla ya makutano. Hatua hiyo ndogo hurudisha sehemu ya ile sekunde ya kushtuka, na tofauti yake na mbinu za kukwepa ni kwamba haimpi mtu kiburi cha kukimbia.

Ila nisieleweke kwamba breki haina maana tena. Utafiti ule ulihusu watu ambao tayari walikuwa wamepitia utaratibu wa leseni na kujua misingi. Mdogo wa dada hakuwahi kufundishwa msingi wenyewe, na kati ya hali hizo mbili kuna umbali mkubwa.

Katika ngazi za leseni ningependa kiongezwe kimoja ambacho hakijatajwa: kupakia abiria. Mtu mzima anapokaa nyuma, uzito, mizani na umbali wa kusimama vyote hubadilika, na pikipiki uliyoizoea asubuhi inakuwa nyingine mchana. Mwenye leseni ya wiki tatu hafai kubeba roho ya mtu mwingine. Anayetaka kubeba abiria kama kazi apimwe akiwa na abiria nyuma, si akiwa peke yake uwanjani.

---

Magurudumu Mawili Tangu Zamani amejibu:

Nimeendesha kwa zaidi ya miaka 30 na mimi ni mmoja wa hao waliojifunza kwa rafiki. Nilipona kwa bahati, na wenzangu wawili wa siku hizo hawakuipata bahati hiyo, kwa hiyo sisemi kwa kutetea njia ya zamani.

Nataka tu kuonya kuhusu jambo moja. Kila leseni inapofanywa ngumu na ghali, wapo wanaoacha kupanda pikipiki, kama alivyosema mwenzetu, lakini wapo wengi zaidi wanaoendelea kupanda bila leseni kabisa, hasa pale ambapo pikipiki ndiyo kazi na askari wa barabarani hawaonekani. Hao hawatafikiwa na mkufunzi yeyote, bima haitawalinda, na aliyegongwa nao hatajua amdai nani. Hata Hurt aliona kwamba wasio na leseni walikuwa wengi kupita kiasi miongoni mwa waliopata ajali. Kwa maoni yangu, mafunzo yakiwa ya lazima ni wajibu yawe karibu na watu, kwa lugha wanayoielewa, kwa ada inayolipika kwa awamu, na kampuni zinazotuma watu kubeba abiria na mizigo zibebe gharama hiyo kwa kuwa ndizo zinazofaidika. Vilevile wakufunzi wenyewe wapimwe. Nimewaona wanaofundisha ambao hawajui kutumia breki ya mbele.

---

Dada Mkubwa amejibu:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimemsomea Baba majibu haya usiku wa jana, na nilipofika kwenye utafiti wa Australia alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda, kisha nilipofika kwenye suala la gurudumu la gari linalosubiri akaniomba nirudie. Amekubali mdogo wangu arudi, kwa sharti kwamba afundishwe upya kwanza. Mkufunzi, ingekuwa ni wewe, ungeanzia wapi na mtu ambaye tayari ana leseni, tayari ameanguka, na sasa anaogopa breki?

---

Mkufunzi wa Pikipiki amejibu:

Mwambie Baba ameamua vyema, na mdogo wako asione haya kwa hofu hiyo. Mtu aliyeanguka na kukiri anaogopa hufundishika haraka kuliko anayejiona hodari.

Kwanza daktari athibitishe kwamba mguu unaweza kubeba uzito wa pikipiki ikiinama, maana pikipiki huanguka zaidi ikiwa imesimama au inageuzwa polepole. Kofia ile aliyoanguka nayo asiivae tena hata kama haionyeshi ufa. Povu lake la ndani likishabonyea halirudi, na ni hilo linalopokea pigo. Mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69, kwa hiyo mpya isiahirishwe.

Kisha atafute uwanja wenye lami kavu, na mkufunzi asimame pembeni. Siku ya kwanza asivuke kilomita 20 kwa saa. Afunge breki ya mbele peke yake, kwa vidole viwili, kwa upole kabisa, asikie jinsi mbele inavyozama na pikipiki inavyotulia, arudie mpaka mabega yashuke na pumzi irudi kawaida. Hapo ndipo breki ya nyuma iongezwe, na mwendo upande hadi 30, halafu 40, kwa siku tofauti. Mkufunzi ahesabu hatua kutoka mstari wa kuanzia breki hadi gurudumu liliposimama, na mdogo wako aziandike mwenyewe kwenye daftari. Akipandisha mwendo kutoka 20 hadi 40 ataona umbali haukuzidi mara mbili tu bali karibu mara nne, na akishauona kwa hatua zake mwenyewe hatahitaji kuambiwa apunguze mwendo anapokaribia makutano. Makutano yenyewe ayaache hadi wiki ya pili, na mara ya kwanza ayaendee kwa miguu.